“MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI”? MBONA YA STAA ILIRUDI! Bosi wa TV Songea amliza dogo wa Peramiho

Kuna sentensi ya maneno matatu tu ambayo imewaliza Wabongo pengine kuliko hata wale matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Unaijua. Imegongwa muhuri kwenye risiti, imebandikwa ukutani juu ya kichwa cha muuzaji, mara nyingine kwa wino mwekundu na herufi zilizokosewa: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Watu wanaisoma kama wanavyosoma maneno ya nyuma ya daladala. Hawabishi, wanalipa, wanabeba boksi, wanasepa.

Sasa kuna ishu imetokea Songea inayoonyesha kwamba sentensi hiyo ni uongo mtupu, na anayejua vizuri zaidi kuwa ni uongo ni yuleyule aliyeibandika.

Iko hivi. Pale Peramiho kuna dogo mmoja, jina kapuni, kijana wa bodaboda ambaye alichoka kukimbizana na abiria akaamua afungue kibanda umiza. Wazo zuri tu. Peramiho siyo porini kama watu wa Dar wanavyodhani. Wamisionari Wabenediktini wapo pale tangu 1898, kuna abasia, kuna hospitali kubwa ya rufaa inayoleta wagonjwa na ndugu zao kutoka kona zote za Ruvuma, kuna chuo cha uuguzi, kuna kiwanda cha uchapaji ambacho vitabu vyake vimesambaa nchi nzima. Maana yake kuna vijana kibao, na vijana wanataka mpira. Derby ya Kariakoo ikipigwa, mwenye skrini kubwa ndiye mwenye mji siku hiyo.

Dogo akakusanya mkwanja. Mahindi ya nyumbani yaliuzwa, ikapatikana laki sita. Mama yake akakopa laki nne kwenye kikoba, narudia hapo wadau, wait... hapana, isomwe vizuri: mama ndiye aliyekopa, kwa jina lake, mbele ya akina mama wenzake. Laki na nusu ikatoka kwenye boda. Jumla 1,150,000. Akapanda gari mpaka Songea Mjini, akaingia kwenye duka moja maarufu la vifaa vya umeme, akachukua TV ya inchi 55. Dukani iliwashwa dakika mbili hivi, ikaonyesha maua na samaki wa rangi kama kawaida yao, ikazimwa, ikarudishwa kwenye boksi.

Kwa nini duka lile na siyo lingine? Kwa sababu ya staa. Kuna mwigizaji mmoja wa kike wa Bongo Movie, naye jina kapuni, mwenye wafuasi wa kumwaga, ambaye alipita Songea kwenye shoo akapiga picha akiwa amekumbatia TV ya duka hilo. Aliandika kwamba hapo hakuna feki na kwamba anawaaminia asilimia mia. Dogo aliiona, akaitunza kwenye simu, akamwonyesha na mama. Mama naye ni shabiki wa yule dada, tamthilia yake hakosi. Usicheke. Hiyo picha ndiyo iliyomtoa mama kwenda kukopa.

TV ikafanya kazi Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Jumapili kibanda kimejaa, kipindi cha pili, ikaanza mistari ya kijani, kisha giza. Sauti inasikika, picha hakuna. Watu wakadai hela zao na dogo akazirudisha palepale, mia tano mia tano, bila kumwambia mtu kwamba mpira ukishaoneshwa nusu haurudishwi. Shika hapo, maana huyo ni kijana wa bodaboda bila hata leseni ya biashara ukutani.

Jumatatu asubuhi akaibeba TV mpaka mjini. “Shikamoo bosi.” “Marahaba mdogo wangu, vipi tena?” Akaeleza. Bosi hata hakuigusa. Akasema umeme wa huko vijijini kwao unacheza. Dogo akajibu kwamba alifunga stabilaiza, na aliinunua dukani hapohapo. Basi iache, fundi ataitazama.

Safari ya pili, fundi kasema kioo kimekufa, na kioo hakina waranti. Ile kadi ya “waranti mwaka mmoja” aliyopewa, ukiigeuza nyuma kuna maandishi ya saizi ya sisimizi yanayosema kioo hakihusiki. TV bila kioo ni nini sasa? Ni redio ya shilingi milioni moja. Bosi akampa ofa: ongeza laki tano, kioo kibadilishwe.

Safari ya tatu dogo alienda na mjomba wake, mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake. Mjomba akaomba kistaarabu: TV ni mbovu, ilikaa siku nne tu, mrudishie kijana hela yake. Bosi akanyoosha kidole ukutani. “Mzee, wewe ni msomi, soma pale.”

Mpaka hapo ni habari ya kawaida kabisa, ya kila mtaa. Kinachochefua ni kinachofuata.

Ile TV ambayo staa alipewa na duka hilo kama malipo ya tangazo, inchi 65, nayo ilizingua. Wiki ya pili tu, upande mmoja ukawa na kiza. Staa akapiga simu. Siku mbili baadaye nyingine mpya ilikuwa Dar, imepakiwa kwenye basi, zaidi ya kilomita 900, nauli ya mzigo juu ya bosi, na ile mbovu ikarudi Songea kwa basi lilelile. Hakuna fundi, hakuna “umeme unacheza”, hakuna aliyenyoosha kidole ukutani. Na dada wa watu akaposti tena, akiwashukuru kwa huduma ya kishua.

Kumbe mali ikishauzwa inarudishwa, tena ile haikuuzwa hata, ilitolewa bure. Aliyelipa milioni na ushee kwa mahindi na kikoba ndiye anayesomeshwa ukuta. Huo siyo utaratibu wa biashara. Ni dharau, na imepangwa kwa kuangalia mtu ana wafuasi wangapi.

Tuje kwenye sheria, maana wengi wanadhani hii ni huruma ya mwenye duka. Tanzania ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214. Mizizi yake ni sheria ya Waingereza ya 1893, yaani ni kongwe kuliko hata abasia ya Peramiho. Hiyo inasema ukinunua kitu kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuza vitu hivyo, mkataba wenu una sharti ndani yake hata kama hakuna aliyelitamka: kitu kiwe na ubora wa kuuzika na kifae kwa kazi yake. TV ifae kuonyesha picha. Sharti likivunjwa, mnunuzi ana haki ya kuikataa bidhaa na kudai pesa yake. Pesa, siyo kuongeza laki tano.

Halafu ikaja Sheria ya Ushindani ya 2003, ndiyo iliyoleta Tume ya Ushindani, FCC. Hiyo inamlinda mlaji waziwazi, na miongoni mwa inayokataza ni mfanyabiashara kumpotosha mteja kuhusu haki zake, ikiwemo kumdanganya kwamba haki fulani ya waranti au ya kudai haipo wakati ipo. Sasa rudi ukaangalie ule ukuta. Kibandiko kinachomwambia kila mteja, bila kujali bidhaa ni nzima au mbovu, kwamba hairudishwi, kinafanya nini kama siyo hicho? Bosi amechukua ushahidi wa kumfunga mdomo mteja, kumbe amebandika ushahidi dhidi yake mwenyewe, kwa wino mwekundu, na taa juu.

Kwa upande wa simu ni wazi zaidi. Miaka sasa TCRA inawaambia watu wakinunua simu wadai risiti na garantii ya miezi 12. Na watu wazima wanakumbuka Juni 2016, simu feki zilipozimwa nchi nzima usiku mmoja. Wangapi walirudi madukani na vipande vya plastiki mkononi, hawana karatasi yoyote ya kuonyesha walinunua wapi? Tangu wakati ule kuna njia ya kuhakiki: bonyeza *#06#, chukua namba ya IMEI, itume kwenda 15090. Ifanye ukiwa bado dukani, kabla mkono haujaingia mfukoni.

Mwaka huohuo 2016, huko duniani, Samsung walitoa Note 7, betri zikaanza kuwaka moto. Kampuni iliita simu milioni 2.5 zirudishwe. Waliopewa za kubadilishia nazo zikawaka, simu ikafutwa kabisa na watu wakarudishiwa hela au kupewa simu nyingine. Kampuni haikufa, mpaka leo watu wanajipanga foleni. Uingereza, kwa sheria yao ya 2015, ukinunua kitu kibovu una siku 30 za kukirudisha na kudai pesa yote. Afrika Kusini, hapahapa kwetu Afrika, ni miezi sita, na mteja ndiye anayechagua: kitengenezwe, kibadilishwe au arudishiwe hela. Kwa hiyo wale wanaosema “hayo ni mambo ya Ulaya” watafute kisingizio kingine.

Lakini haki itendeke pande zote. Wenye maduka nao wana kilio, na siyo cha uongo. Kuna wateja wajanja wajanja. Yupo anayenunua sabufa Ijumaa, Jumamosi inapiga kwenye sherehe ya kipaimara mpaka majirani wanakosa usingizi, Jumatatu anairudisha eti “haina besi”. Yupo anayebadilisha betri orijino akaweka ya mchina wa mchina, akarudi na uso wa huruma. Yupo aliyeangusha simu chooni akaianika kwenye mchele, haikupona, akakumbuka waranti. Watu wa hivyo ni matapeli kama matapeli wengine, na sheria haiwalindi. Kubadili mawazo siyo ubovu wa bidhaa. Ukinunua nyeusi ukatamani nyeupe, hapo unaomba hisani, na muuzaji ana haki ya kukataa.

Dawa ya wajanja hao ipo lakini, na haigharimu kitu. Andika namba ya siri ya kiwanda, ile seriali, kwenye risiti. Weka stika ya duka kwenye skrubu, ikichanwa ijulikane. Iwashe TV nusu saa mbele ya mteja, siyo dakika mbili za samaki wa rangi. Maduka yanayofanya hivyo yapo, hapohapo Songea, na hayana ukuta wenye vitisho. Anayekataa kuandika seriali ujue anataka ubishi uwepo, maana kwenye ubishi yeye ndiye mwenye kiti cha kuzunguka na wewe ndiye umesimama na boksi begani.

Kilio kingine cha akina bosi: “Hata sisi Kariakoo haturudishiwi.” Hii ni kweli kwa wengi. Mzigo unachukuliwa kwa jumla Dar, unafika Songea, kwenye boksi kumi mbili ni mbovu, na yule wa jumla naye ana ukuta wake wenye maneno yaleyale. Hasara inashushwa kama ndoo ya maji kwenye mstari, mkono kwa mkono, mpaka inamfikia wa mwisho asiye na wa kumpokeza, ambaye ni mama wa kikoba Peramiho. Sheria hiyohiyo ya Uuzaji wa Bidhaa inamlinda bosi dhidi ya wa jumla wake. Amdai basi. Kama yeye mwenye mtaji, gari na mwanasheria anamwogopa mtu wa Kariakoo, anategemea dogo wa boda amwokoe?

Nenda soko kuu la Songea ununue nyanya. Ukifika nyumbani ukakuta tatu zimeoza chini ya fungu, kesho ukirudi mama anakubadilishia na nyongeza anakupa, huku anakuomba radhi. Faida yake kwa siku haifiki bei ya rimoti ya ile TV.

Sasa kwenye risiti, hapa ndipo wengi wanapojimaliza wenyewe. Dogo alipewa risiti ya kuandikwa kwa mkono, haina hata aina ya TV, imeandikwa tu “TV 1 pc”. Aliomba ya mashine ya EFD, akaambiwa ukitaka ya mashine bei ni 1,250,000. Akaona aokoe laki. Nani asingeokoa? Lakini tazama mchezo ulivyo. Lile punguzo bosi hakulitoa mfukoni mwake, alilitoa kwenye kodi ya serikali, na palepale akamnunua dogo ushahidi wake kwa laki moja. Bei rahisi kweli kweli. Muuzaji kutotoa risiti ya EFD ni kosa, na mnunuzi asiyeidai naye ana kosa, ndiyo maana ukishakubali “bei isiyo na risiti” mnakuwa wawili wenye siri moja, na mwenye siri hasemi kwa sauti. Bosi anaujua huo woga. Anauuzia humohumo kwenye boksi.

Hata hivyo dogo hajafa kifo cha mende. Alilipa kwa simu, kwenye namba ya lipa ya duka, na ule ujumbe wa muamala upo: tarehe, saa, kiasi, jina la biashara. Hiyo ni karatasi tosha ya kuanzia. Boksi analo, seriali ipo nyuma ya TV na kwenye boksi, zinafanana. Kingine kilichomwokoa ni kwamba alirudi siku ya nne. Angeendelea kuihangaikia nyumbani miezi mitatu, akapeleka kwa fundi wa mtaani akaifungua, sheria ingemwona ameshaikubali bidhaa, na stori ya “mimi niliikuta hivi” ingekosa miguu. Wengi wanaliwa hapo. Kitu kinazingua Jumatatu, mtu anasema nitaenda mwisho wa mwezi nikipata nafasi.

Mjomba mwalimu ameshaandika barua, kurasa moja na nusu, mwandiko wa kinyooka. Inadai 1,150,000 na nauli za safari tatu, inatoa siku saba, nakala kwa FCC. Siku zikiisha ni Mahakama ya Mwanzo, ambako dai kama hilo linapokelewa na mtu anajieleza mwenyewe bila wakili. Bosi akaipokea, akasaini, akacheka. Mama kwenye kikoba anatakiwa kurudisha laki nne na riba, na akina mama wenzake wameanza kumwuliza kwa upole, ule upole ambao ni mbaya kuliko kelele.

Na yule staa? Wapwa wa mwalimu walimwandikia inboksi, wakamtumia picha ya TV iliyozima na ya risiti. Ameona. Alama mbili za kusoma zipo. Kesho yake akaposti tangazo lingine la duka hilohilo. Watu watasema yeye ni wa matangazo tu, hahusiki na ubovu. Sawa, hakuitengeneza TV. Lakini aliandika “naaminia asilimia mia” akiwa amelipwa, na baada ya hapo akaona kwa macho yake kwamba vitu vya pale vinazingua, kwa sababu cha kwake kilizingua. Hakuwaambia wafuasi wake hilo. Aliwaambia huduma ni ya kishua. Kati ya kuandika la kwanza na la pili kuna tofauti kubwa: la kwanza alikuwa hajui.

Kuna swali moja limebaki mtaani Songea. Ile inchi 65 iliyorudi kwa basi kutoka Dar, iko wapi? Fundi mmoja wa maeneo ya Majengo anasema aliletewa, akabadilisha taa za ndani, akalipwa elfu themanini na kuambiwa asiiandike popote. Sasa hivi ipo dukani, kwenye boksi lake na karatasi yake ya nailoni, inauzwa mpya. Kwa aliyeulizia Jumamosi bei ni 1,900,000. Akitaka risiti ya mashine, 2,100,000.